Dawa au mazungumzo? Kwa nini wazazi na kijana mwenye sonona hawachagui tiba moja

#1 Mlezi wa Watatu
Wadau, salaam.

Nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu, naomba wenye uzoefu mnijibu bila kunibembeleza. Kijana akishabainika kuwa na sonona, tiba zenye ushahidi si nyingi: mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili kwa pamoja. Ila ninavyoona, familia nyingi haziamui kwa kutazama hali ya kijana. Zinaamua kwa hofu ya mtu mzima mwenye sauti kubwa kuliko wote nyumbani. Baba akiogopa dawa, dawa haziguswi. Mama akiogopa mambo ya ndani yatatoka nje, mshauri hatafutwi. Mgonjwa ndiye wa mwisho kuulizwa, akiulizwa.

Dai langu ni kwamba kila mtu huchagua tiba kulingana na anachodhani ndicho chanzo. Anayedhani ni ubongo anataka dawa. Anayedhani ni maisha anataka mazungumzo. Anayedhani ni uvivu hataki chochote. Na chini ya paa moja unaweza kukuta wote watatu.

Nyumbani kwetu yuko wa miaka kumi na sita na tumekwama hapo hapo. Nini hasa kinaamua chaguo la familia? Na la nani linapaswa kuwa na uzito zaidi?

#2 Baba Mapacha
Mimi ndiye yule baba anayeogopa dawa uliyemsema, na sioni aibu. Dawa za akili kwa mtoto hapana. Atazizoea, atashindwa kuishi bila hizo. Na Wamarekani wenyewe waliandika onyo kwenye boksi kwamba zinaua vijana. Sasa wewe mzazi unasoma onyo kama hilo halafu unamwekea mwanao kidonge kwenye kiganja?

#3 Mfamasia Mstaafu
Baba Mapacha, onyo lipo ila halisemi hivyo.

Ni la Oktoba 2004, kutoka FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Walikusanya majaribio 24 ya dawa za sonona kwa watoto na vijana, washiriki zaidi ya 4,400. Waliopewa dawa halisi, mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa takriban asilimia 4. Waliopewa vidonge bandia, asilimia 2. Katika majaribio yote hayo hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kujiua. Mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi wenye miaka 24.

Kwa hiyo hatari ni ya kweli na haifai kupuuzwa, lakini onyo halikusema dawa zisitumike. Lilisema kijana afuatiliwe kwa karibu, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa au kushushwa. Mzazi anayetoa dawa halafu hamtazami mtoto ndiye onyo lilimlenga.

Kuhusu kuzoea: hizi dawa hazileti ile tamaa ya kutaka zaidi na zaidi. Lakini usizikate ghafla, maana mwili unaweza kuleta kizunguzungu, usingizi mbovu na hasira. Hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari.

#4 Binti Asubuhi
Nimesoma namba 1 mara mbili maana inanihusu. Nilikuwa na sonona nikiwa sekondari, sasa niko chuo.

Wazazi wangu walichagua dawa. Haraka sana, bila ubishi, na kwa miaka nilidhani ni kwa sababu wanaamini sayansi. Baadaye nikaona sababu nyingine. Dawa haiulizi maswali. Haiulizi kwa nini baba na mama hawasemezani, haiulizi kwa nini chakula cha usiku kila mtu anakula chumbani kwake. Kidonge kilifanya ugonjwa uwe wangu peke yangu.

Kilinisaidia, sitasema uongo. Niliweza kuamka na kuoga. Lakini nilitaka mtu wa kuongea naye na sikumpata mpaka nilipoondoka nyumbani.

#5 Mlezi wa Watatu
Binti Asubuhi, asante mwanangu. Hapo pa kidonge kuufanya ugonjwa uwe wako peke yako, nimesimama kidogo.

#6 Sikio la Pili
Mimi ni mshauri nasaha, nafanya kazi na vijana. Aliyoyasema Binti Asubuhi nayakuta, lakini nakuta na kinyume chake, tena kwa wingi. Kuna familia zinachagua mazungumzo kwa sababu ndiyo njia ya kuahirisha. "Aongee ongee kwanza, tutaona." Mtoto amepungua uzito, halali, ameacha shule, na wazazi wanashikilia vikao tu kwa sababu kukubali dawa ni kukubali kwamba mtoto ni mgonjwa kweli.

Kwa hiyo tusifanye dawa kuwa chaguo la wanaokimbia na mazungumzo kuwa chaguo la wanaopenda. Woga unaweza kujificha katika lolote kati ya hayo mawili.

Ukiwauliza watu kwa ujumla, wengi wanapendelea mazungumzo. Mwaka 2013 zilikusanywa tafiti 34 za aina hii, na watatu kati ya kila wanne walisema wangependa tiba ya kisaikolojia kuliko dawa. Vijana na wanawake walielekea huko zaidi. Tatizo ni pale wanaotaka mazungumzo wanapokuwa wengi kuliko wataalamu waliopo, au mtaalamu yuko mbali na mzazi hana ruhusa kazini ya kumpeleka kila wiki. Hapo kinachoitwa chaguo la familia ni ratiba tu.

#7 Kalamu Nyekundu
Niweke takwimu mezani, la sivyo tutabaki kwenye hisia.

Utafiti mkubwa unaotajwa sana ni TADS wa Marekani, matokeo yake ya kwanza yalitoka 2004. Vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, wote na sonona ya kati mpaka kali. Baada ya wiki 12 waliopata nafuu ya kutosha walikuwa hivi: dawa ya fluoksetini pamoja na mazungumzo, asilimia 71. Fluoksetini peke yake, 60.6. Mazungumzo peke yake, ya aina inayoitwa tiba ya utambuzi na tabia (kubadili namna ya kufikiri na kutenda), 43.2. Kidonge bandia, 34.8.

Mnaona wenyewe. Vyote pamoja ndiyo jibu. Mjadala ufungwe.

#8 Mchimba Kisima
Usiufunge bado, Kalamu. Umesimama wiki ya 12, na utafiti uliendelea hadi wiki ya 36. Huko mwisho waliopata nafuu walikuwa asilimia 86 kwa mchanganyiko, 81 kwa dawa peke yake, na 81 kwa mazungumzo peke yake. Mazungumzo yalichelewa lakini yalifika.

Halafu na upande wa pili: kwenye wiki ile ya 12, tofauti kati ya mazungumzo peke yake na kidonge bandia haikuwa kubwa kiasi cha kuweza kuiamini kitakwimu. Kwa hiyo mwenye haraka atasoma TADS na kuona dawa, mwenye subira atasoma TADS hiyo hiyo na kuona mazungumzo. Swali la mleta uzi linabaki palepale.

#9 Baba Mapacha
Mchimba Kisima umenipa pa kusimamia. 81 na 81! Basi kwa nini niingize kemikali mwilini mwa mtoto?

#10 Mfamasia Mstaafu
Kwa sababu kati ya wiki ya 1 na ya 36 mtoto anaishi, mkuu. Miezi hiyo ina mitihani, ina marafiki wanaopotea, ina usiku. Mwenye sonona nyepesi anaweza kusubiri. Mwenye sonona kali pengine hawezi.

#11 Shangazi Mkubwa
Wanangu, nawasalimu. Mtanisamehe, mimi naona mnazunguka. Watoto wa siku hizi hawalali, simu mkononi mpaka alfajiri, asubuhi wamenuna. Ukiwagusa wanafoka. Hiyo ni sonona au ni utovu wa adabu? Ondoa simu, mpe kazi za mikono, mfanyishe mazoezi, mwezi mmoja tu uone.

#12 Binti Asubuhi
Shikamoo Shangazi. Kwa heshima zote, kufoka kwenyewe ni dalili. Kwa watu wazima madaktari huanza kutafuta huzuni. Kwa watoto na vijana, mwongozo wa utambuzi unaruhusu hasira na kununa kushika nafasi ya huzuni, mradi hali imedumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku na kuna dalili nyingine: usingizi umevurugika, hamu ya kula imebadilika, hakuna kinachomfurahisha, anajiona hafai, akili haitulii. Mimi nilipigwa kwa sababu ya kufoka. Hakuna aliyeniuliza kama nalala.

#13 Shangazi Mkubwa
Marahaba mwanangu. Pole sana. Lakini la usingizi nitalishikilia.

#14 Muuguzi wa Zamu
Shangazi alishikilie, maana kuna kitu hapo. Usingizi na mwendo wa mwili vina nafasi kwenye tiba, na kwa sonona nyepesi vinaweza kusaidia sana. Na kabla ya yote daktari mzuri anaangalia damu, tezi ya shingo, na dawa nyingine anazotumia kijana, kwa sababu upungufu wa damu au tezi iliyolegea huleta uchovu unaofanana na sonona.

Anauliza pia kama kuna ndugu aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, anatumia fedha ovyo. Familia huficha hili kuliko jambo lolote. Lakini kama kijana ana ugonjwa wa aina hiyo ambao bado haujajitokeza, dawa ya sonona peke yake inaweza kumsukuma upande wa pili. Mjomba mnayemficha daktari anaweza kubadilisha dawa anayoandikiwa mtoto.

Ila kumnyang'anya simu aliyejitenga na kila mtu wakati simu ndiyo uzi wa mwisho kati yake na marafiki wawili, hapo Shangazi tunaachana.

#15 Nuru ya Jioni
Mbona hakuna anayezungumzia maombi? Familia yetu ilichagua kusali na tuliona mabadiliko. Si kila kitu ni hospitali.

#16 Sikio la Pili
Nuru, sina ugomvi na maombi, na wapo vijana ambao imani ndiyo iliwashika wasianguke. Ninachopinga ni sharti. Pale kijana anapoambiwa akitumia dawa ameonyesha imani haba, anabeba sonona na hatia juu yake. Sala na matibabu vinaweza kwenda pamoja. Viongozi wa dini ninaowaheshimu ndio wanaoniletea vijana.

#17 Nuru ya Jioni
Hapo tumeelewana. Kwetu hakuna aliyemkataza dawa, ila hakuna pia aliyemuuliza.

#18 Kijana Kimya
Natumia jina hili kwa sababu ndugu zangu wapo humu.

Mimi ni mwanaume. Niliambiwa nichague, nikachagua dawa, na nitasema kwa nini. Kuongea kulinishinda. Nilikaa mbele ya mama mmoja mpole sana na sikuwa na neno. Nilitoka pale najiona nimeshindwa hata kuumwa vizuri. Kidonge hakikunidai maneno. Baada ya wiki kadhaa kichwa kikawa chepesi, nikarudi kwa yule mama mwenyewe bila kusukumwa, na safari hiyo niliongea.

Kwa hiyo Binti Asubuhi alitaka mtu wa kuongea naye akapewa kidonge, mimi nilitaka kidonge na baba alitaka niongee "kama mwanaume". Wote wawili kilichotuumiza ni kutosikilizwa.

#19 Mchimba Kisima
Kijana Kimya, ulichoeleza kimewahi kuonekana kwenye utafiti. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kaskazini mwa Uganda kwa vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa kambi za waliokimbia vita. Tiba ya vikundi inayogusa mahusiano ya mtu na watu wake iliwapunguzia wasichana sonona kwa kiasi kinachoonekana. Kwa wavulana haikuonyesha tofauti ya kutosha.

Sababu yake watu wanabishana. Wengine wanasema wavulana hawafunguki mbele ya kikundi. Wengine wanasema sonona ya mvulana haipimwi vizuri kwa maswali ya huzuni kwa sababu yeye anaionyesha kwa ugomvi na kujitenga. Inawezekana pia kwamba wavulana walikuwa wachache mno kwenye jaribio. Mimi naelemea sababu ya pili.

#20 Kalamu Nyekundu
Naelemea ya tatu. Baada ya balehe wasichana wenye sonona ni karibu maradufu ya wavulana, kwa hiyo kila utafiti unakosa wavulana wa kutosha.

#21 Muuguzi wa Zamu
Nyote wawili hamjaona vijana wa kiume wanavyoletwa. Wanaletwa wamevunja mlango. Hakuna anayewapa dodoso.

#22 Mama Subira
Habari zenu. Nimefuatilia tangu mwanzo na kuna mtu mnamruka.

Nilipompeleka binti yangu, daktari alimaliza na yeye, akanigeukia mimi: "Na wewe mama, unalala?" Nikakasirika. Nilidhani ananilaumu. Ilibainika mimi mwenyewe nina sonona ya miaka. Nikaanza tiba, na binti alianza kubadilika kabla ya yeye kuanza lolote la maana.

Sasa mkiuliza familia inachaguaje, mimi nitawaambia nilikuwa nachagua nikiwa mgonjwa. Kila chaguo niliona halina faida, kwa sababu ugonjwa wenyewe ndivyo unavyosema.

#23 Mchimba Kisima
Mama Subira, hukuwa peke yako. Mwaka 2006 Marekani walifuatilia akina mama 151 waliokuwa wanatibiwa sonona, kila mmoja na mtoto wake wa miaka 7 hadi 17. Ndani ya miezi mitatu, kwa akina mama waliopona, idadi ya watoto wenye utambuzi wa ugonjwa wa akili ilishuka kwa asilimia 11. Kwa akina mama ambao hawakupona, ilipanda kwa asilimia 8. Watoto hawakuguswa na watafiti, waliotibiwa ni mama zao.

#24 Baba Mapacha
Na baba je? Au baba haumwi?

#25 Sikio la Pili
Baba anaumwa, ndugu yangu. Tunamngoja aje. Karibu sana.

#26 Baba Mapacha
Nimeuliza kwa ajili ya utafiti tu 😄

#27 Mzee wa Hoja
Nirudi kwenye dai la mleta uzi kwamba chanzo unachokiamini ndicho kinachochagua tiba. Nalipinga kwa sehemu.

Wapo wanaosema dawa ni kwa wanaoamini upungufu wa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na hisia. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walichapisha mapitio mapana wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona inasababishwa na serotonini kuwa chini. Watu wakapiga kelele: basi dawa ni uongo. Lakini dawa kufanya kazi ni jambo moja, na maelezo ya kwa nini inafanya kazi ni jambo jingine. Unaweza kuamini kabisa kwamba sonona ya mwanao imeletwa na msiba na bado dawa ikamsaidia. Unaweza kuamini ni ya kurithi na bado mazungumzo yakamtoa.

Kwa hiyo familia zikijadili chanzo mpaka usiku wa manane zinadhani zinajadili tiba, kumbe hapana.

#28 Mlezi wa Watatu
Mzee wa Hoja, nakuelewa, lakini nilisema watu *wanavyochagua*, sikusema wanavyopaswa kuchagua. Mume wangu hakatai dawa kwa sababu ya majaribio 24. Anakataa kwa sababu ana hakika mtoto alianza kubadilika tulipohama shule, na kwake yeye kidonge ni kama kusema shule haina kosa.

#29 Mzee wa Hoja
Basi kumbe suala ni nani wa kulaumiwa. Hapo nakuunga mkono, na ndipo pagumu kuliko yote.

#30 Kalamu Nyekundu
Kwa wanaotaka kujua dawa gani: mapitio ya 2016 yaliyolinganisha dawa 14 kwa watoto na vijana, majaribio 34, yaliona ni fluoksetini peke yake iliyokishinda kidonge bandia kwa namna ya kuaminika. Marekani iliidhinisha fluoksetini kwa sonona ya kuanzia miaka 8 mwaka 2003, na dawa nyingine, esitalopramu, kuanzia miaka 12 mwaka 2009. Uingereza mwongozo wao unataka dawa iambatane na tiba ya mazungumzo, isitolewe peke yake kama jambo la kawaida.

#31 Binti Asubuhi
Huo mwongozo ningeupenda.

#32 Jirani Mwema
Naomba kuingilia. Mdogo wangu ana miaka kumi na tano, hajaenda kokote kutibiwa, wazazi bado wanabishana haya haya mnayobishana. Jana usiku aliniambia afadhali asingekuwepo. Nikamwambia asiseme hivyo, akanyamaza. Je, nimuulize tena au nitampandikizia mawazo?

#33 Muuguzi wa Zamu
Jirani Mwema, muulize, leo hii, kwa maneno wazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii. Mwaka 2005 lilichapishwa jaribio la wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari. Walioulizwa kuhusu kujiua hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya ambao hawakuulizwa, na waliokuwa na sonona walionekana kuwa na nafuu kidogo baada ya kuulizwa.

Akisema ndiyo, usimkaripie na usimwapishe asimwambie mtu. Kaa naye, asibaki peke yake. Ondoeni au fungieni dawa zote za nyumbani, sumu, na chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mpelekeni kituo cha afya chenye huduma ya dharura leo, msingoje miadi. Hata akisema hapana, waambie wazazi leo na aonwe na mtaalamu haraka.

Mjadala wa dawa au mazungumzo unasubiri. Huu hausubiri. Tujulishe.

#34 Kijana Kimya
Jirani, kaa naye tu hata kama haongei. Mimi nilikaliwa hivyo na kaka yangu na ndiyo maana naandika hapa.

#35 Jirani Mwema
Nimemuuliza. Amesema ndiyo. Tunaondoka na mama sasa hivi.

#36 Mama Subira
Tuko nanyi.

#37 Mfamasia Mstaafu
Wakati tunawangoja, niseme jambo la wiki za mwanzo maana familia nyingi huvunjika hapo. Dawa ya sonona haitulizi siku hiyo hiyo kama ya maumivu ya kichwa. Inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu haijaonekana, na sita au zaidi kabla ya kusema imeshindwa. Madhara madogo, kama kichefuchefu, usingizi kuruka na kutotulia, hutangulia nafuu. Yaani wiki ya kwanza familia inaona ubaya tu. Baba aliyekataa anasema "niliwaambia", mama aliyetaka anakosa jibu, dozi inakatwa. Halafu wanasimulia kwamba dawa haikufanya kazi. Na akipona, daktari kwa kawaida humwacha kwenye dawa miezi sita au zaidi ili isirudi, na hapo tena familia hukata mapema kwa sababu mtoto anacheka.

#38 Sikio la Pili
Na upande wangu uko hivyo hivyo. Vikao viwili vya kwanza kijana anaweza kurudi nyumbani akiwa mzito zaidi, maana amegusa kidonda. Mzazi anamuuliza, "Mmeongea nini?" Hapo ndipo tiba inakufa. Namwambia kila mzazi mapema: nitakwambia kama kuna hatari ya maisha, mengine ni yake. Wapo wanaoondoka hapo hapo.

#39 Baba Mapacha
Mimi ningeondoka, nasema kweli. Mtoto ni wangu, nalipa mimi, kuna siri gani?

#40 Binti Asubuhi
Baba Mapacha, kama ungebaki, ungeambiwa mambo mengi zaidi na mtoto wako mwenyewe baadaye. Ukilazimisha unaambiwa anachojua unataka kusikia.

#41 Baba Mapacha
Umri gani lakini? Wa kumi na saba sawa. Wa kumi na mbili?

#42 Sikio la Pili
Swali zuri, na wenzangu hawakubaliani. Kwa mdogo mimi huwaita wazazi zaidi, wakati mwingine familia nzima chumba kimoja. Ipo tiba ya familia ambayo lengo lake ni kurudisha imani kati ya mzazi na kijana, na wengine wanaona ndiyo ingekuwa ya kwanza kwa kila mtu. Mimi sioni hivyo. Kuna nyumba ambazo kuwaweka chumba kimoja mapema ni kumrudisha mtoto kwenye kikaango.

#43 Mchimba Kisima
Nyongeza kwa wanaogombana kuhusu aina ya mazungumzo: Uingereza, jaribio la IMPACT, vijana 465, walilinganisha tiba ya utambuzi na tabia, tiba fupi ya uchambuzi wa nafsi (kuchimba hisia zilizofichika), na huduma fupi ya kisaikolojia na kijamii inayotolewa kwa njia rahisi zaidi. Baada ya zaidi ya mwaka hazikupishana kwa maana. Wengine wanasoma hapo kwamba mtaalamu anayejali anatosha, wengine kwamba sonona nyingi hupungua zenyewe kadiri muda unavyokwenda. Hawakuwa na kundi la kutopata chochote, kwa hiyo huwezi kukata kauli.

#44 Jirani Mwema
Tumerudi usiku huu. Wamemwona, wametupa mpango wa usalama, kesho kutwa anaonana na daktari wa afya ya akili. Baba alikuja hospitali kwa mguu wake. Asanteni.

#45 Muuguzi wa Zamu
Ahsante kwa kutujulisha. Hiyo miadi ya kesho kutwa msiikose hata akiamka anacheka. Siku za mwanzo baada ya kuonwa bado ni za kumkaa karibu.

#46 Shangazi Mkubwa
Mungu ampe uzima. Hata mimi leo nimempigia mjukuu, sikumuuliza habari za simu.

#47 Mlezi wa Watatu
Nimeketi na wangu jioni hii, baba yake akiwepo. Nimemuuliza angependa nini. Amesema anataka kuongea na mtu, ila asiwe anayetufahamu sisi, na kama baada ya muda hakuna mabadiliko atakubali dawa. Ameuliza pia kama anaweza kuingia kwa mtaalamu peke yake.

Mume wangu amekubali la kuongea na mtu. La dawa hajasema kitu. Daktari anataka saini zetu wote wawili. Nifanye nini kama muda huo ukifika na mwenzangu bado anakataa?

#48 Sikio la Pili
Pangeni sasa, kabla hamjafika huko. Kubalianeni na daktari tarehe ya kupima upya na dalili zipi zitaonyesha kwamba hali haijabadilika, viandikwe, na kijana awepo. Ni rahisi zaidi mzazi kukubali tarehe kuliko kukubali kidonge.

#49 Baba Mapacha
Mlezi, mwambie mzee mwenzangu aje aulize maswali yake kwa daktari mwenyewe, mtoto asiwepo. Mengine huwezi kuyauliza mbele ya mwanao. Mimi ndivyo ningetaka.

#50 Mfamasia Mstaafu
Na aje na orodha ya dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na za kwake.